Magadi Kwenye Uji

Ka.

Kifuniko cha Kopo kiligonga gizani, nikajua ni saa kumi na moja kamili. Kilikuwa hakikosei. Kila alfajiri, katika kila nyumba ya Mtaa wa Bomba Mbili, chombo kile cha bati kilichopigiliwa ukutani kilifungua mdomo, kikadondosha unga wa uji kwa hesabu ya watu wa nyumba, kikajifunga. Ka. Ukitega sikio ungesikia na la jirani, na la jirani wa jirani, mtaa mzima hadi kule darajani.

Kwetu lilidondosha unga wa watu wawili, mimi na mwanangu Sekela. Baba yake alikuwa Dar es Salaam, bandarini, anapakia maparachichi ya Tukuyu kwenye makontena ya baridi. Unga wake ulikuwa unadondokea huko huko.

Umeme ulikuwa umekatika. Niliinjika sufuria, nikakoroga kwa mazoea, nikapapasa rafu hadi mkono ukagusa mkebe, nikachota kwa ncha za vidole vitatu, nikatia. Tukanywa gizani, mimi na yeye, goti kwa goti. Uji ulikuwa na ladha ya sabuni kwa mbali, lakini mtu anayekula Shibe, dawa ya kuzima njaa iliyomo ungani, hana ugomvi na ladha. Sekela aliumaliza kama anavyoumaliza siku zote, kama mtu anayetimiza amri. Alikuwa na miaka minne na miezi kumi na moja, na tangu azaliwe hajawahi kuacha tone wala kuomba la pili.

Kulipopambazuka nikaona chini ya kikombe pana rangi ya manjano. Nikaangalia rafu. Mkebe wa chumvi ulikuwa umefungwa. Uliokuwa wazi ni wa magadi.

Nilicheka mwenyewe jikoni. Magadi yale niliachiwa na mama yangu, ya kulainishia maharage, nami nikayatunza miaka yote nikisubiri maharage ambayo hayakuja. Duniani kote, katika maabara zote zilizoitengeneza Shibe, nani angefikiria kwamba kuna mwanamke Tukuyu atakayetia magadi kwenye uji?

Nikamsimamisha Sekela kwenye fremu ya mlango, kama nilivyofanya kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Alama ya mkaa ya mwezi huu ikaangukia juu ya ya mwezi uliopita, nayo ilikuwa juu ya ile ya kabla yake. Miezi kumi na moja, mstari mmoja mnene. Mwanangu hakuwa mgonjwa, hakuwa analia, hakuwa na homa. Alikuwa amesimama tu, kama saa iliyokwisha betri.

"Nimekua?" aliuliza.

"Bado kidogo, mama," nikamwambia, nikamfuta mkaa kichwani, nikampeleka kwa Mama Lugano jirani yangu, nikakimbilia kazini.

*

Kituo cha Hamu kiko kilimani, ambako ukungu huondoka mapema. Mimi nilikuwa mpishi wa pili. Watoto wa wenye uwezo waliletwa pale kila asubuhi kujifunza kuwa na njaa.

Sitanii. Wazazi wao hawakuwapa Shibe hata punje moja. Walilipa ada ili watoto wakimbie, waruke kamba, wapande ngazi mpaka matumbo yaite, kisha mwalimu wa hamu awaulize kwa sauti ya asali, "Njaa yako iko wapi leo? Nionyeshe kwa kidole." Mtoto anaonyesha, anapigiwa makofi, anakaa mezani. Na meza ile! Samaki wa maji baridi, mayai, maziwa, karanga, majani ya maboga, maparachichi yaliyokatwa umbo la mwezi mchanga, viazi vya rangi tatu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mtoto amegusa rangi saba kabla hajashuka kitini. Kinachobaki kiliingia kwenye kisagio, mbele ya kamera.

Wapishi wote tulitoka mabondeni, na hakuna aliyewahi kutamani hata ganda. Ndiyo maana walituajiri. Tulipika kwa mizani na saa. Kitunguu kwangu kilikuwa gramu arobaini, dakika nne, basi.

Siku hiyo, saa nane mchana, kitunguu kilipogusa mafuta, mdomo wangu ukajaa mate.

Nilidhani naumwa. Nikashika ukingo wa meza. Harufu ilipanda puani, ikashuka kooni, ikafika tumboni, na huko chini kitu kikajinyoosha kama paka anayeamka.

"Vipi, Mama Sekela, umeona jini?" Kaka Ambokile, mpishi mkuu, aliniuliza.

"Kaka, hicho kitunguu kinanukia."

"Vitunguu vyote vinanukia. Imeandikwa hata kwenye kitabu cha mapishi."

"Hapana, kaka. Kinanukia kwangu. Nakitaka!"

Akaniangalia kwa huruma. "Una mimba."

"Mume wangu ana miezi mitano Dar!"

"Basi una kesi," akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Lakini mimi nilikuwa nimekumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano Shibe ilipoingia mtaani, kwa hiyo nilikuwa na miaka kumi na mitano ya kuijua njaa kabla haijazimwa. Mkono wangu uliukumbuka mwiko wa mama, nikiulamba nyuma ya mlango. Hii ndiyo ile. Ile ile! Imerudi baada ya miaka tisa, na jana haikuwepo, na kitu pekee kilichobadilika tangu jana ni ule mkebe.

Kama imerudi kwangu, basi na Sekela…

Sikuaga. Nilishuka kile kilima na aproni yangu, viatu mkononi, matope hadi magotini.

*

Mama Lugano alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, mikono kiunoni.

"Mwanao leo ana mambo. Kalamba mwiko wangu. Kachungulia sufuria yangu tupu mara nne. Halafu kaniuliza harufu inakaa wapi. Umempa nini?"

Sekela alikuwa amejikunja kwenye jamvi, mikono miwili tumboni, macho makubwa. Aliponiona akaja moja kwa moja, akaninong'oneza kana kwamba ni siri ya aibu.

"Mama, kuna mtu anagonga huku ndani."

Nikapiga magoti. "Anaumiza?"

"Anagonga tu. Haachi. Ni nani?"

Mtaa mzima ulikuwa na watoto wasiolijua neno lile. Lilikuwa limebaki kwetu wakubwa, na hata sisi hatukulitumia.

"Anaitwa njaa," nikasema.

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Anataka chakula, ndiyo maana anagonga. Akipewa, anakaa kimya."

"Basi tumpe."

Tumpe nini? Nikaenda nyuma ya bafu. Pale kwenye ua wa mabanzi, mmea wa maboga ulikuwa umejiotea wenyewe na kutambaa upendavyo. Ardhi nyingine yote ya mtaa ilikuwa ya miparachichi ya mkataba, kila mche na namba yake. Hayo maboga hayakuwa na namba, na hakuna aliyewahi kuyachuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu. Nikachuma majani machanga, nikayamenya nyuzi, nikayachemsha na chumvi. Safari hii niliukagua mkebe mara mbili.

Sekela aliweka jani la kwanza mdomoni, akatulia. Akatafuna polepole. Nikaona nyusi zinapanda, kisha uso wote unafunguka, akaanza kucheka mdomo ukiwa umejaa.

"Kitamu?" nikamuuliza.

Akamaliza kumeza kwanza. "Kitamu ndiyo hivi?"

Nilimbeba nikazunguka naye jikoni kama kichaa. Tulikula majani yote, mimi na yeye, tukagombania mchuzi.

*

Jioni ile nilimfunga mgongoni, nikaenda naye darasani. Shule yetu ya jioni ilikuwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, madawati mafupi, magoti yetu wakubwa yakigonga mbao. Mwalimu Kissa alikuwa anafundisha kemia. Nikamwambia yote mbele ya darasa, nikihema, na nikatoa vitu viwili mfukoni: unga wa Kopo kwenye karatasi, na mkebe wa magadi.

Mwalimu alivipokea vyote viwili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye tabia ya kupangusa ubao mpaka ung'ae. Akatoa glasi mbili. Moja akakamulia limau. Nyingine akatia maji ya magadi. Akaweka chini ya kamera ndogo, na ukutani ikatokea picha kubwa ya unga wetu.

Ndani ya ule unga mweupe mlikuwa na punje za bluu, ndogo kuliko vumbi la mbao.

"Hiyo bluu ndiyo Shibe yenyewe," alisema. "Uliobaki ni wanga mtupu. Sasa, tumboni mna uchachu mkali kama wa limau. Shibe ikifika pale tupu, inaharibika. Kwa hiyo wameivisha koti. Tazameni."

Kwenye limau, punje zilikaa nzima, zinang'aa.

"Koti linavumilia uchachu. Linapita tumboni salama, linafika kwenye utumbo, ambako hakuna uchachu tena, na huko ndiko linakofunguka. Shibe inatoka, inafunga mlango unaopeleka habari ya njaa kichwani. Mlango unafungwa kwa siku moja. Alfajiri, Kopo linaufunga tena. Sasa haya maji ya Mama Sekela…"

Kwenye magadi punje zilivimba, zikapasuka moja baada ya nyingine, bluu ikasambaa majini kama moshi. Mwalimu akawasha moto chini ya glasi. Maji yalipochemka, bluu ikafifia, ikawa kijivu, ikaisha.

Darasa lililipuka. Fundi baiskeli aliyekaa nyuma alipanda juu ya dawati. Mtu alipiga kigelegele.

"Koti linavuliwa kwenye sufuria!" Mwalimu Kissa alipaza sauti, naye amesahau kuwa mtulivu. "Moto unaua kilichomo! Miaka tisa, jamani. Walipima na maji, walipima na maziwa, walipima na sukari. Nani angepima na magadi? Nani anatia magadi kwenye uji?"

"Mimi!" nikasema, na wote wakacheka, na Sekela akacheka mgongoni bila kujua kwa nini.

Kisha Mwalimu akafungua ramani ya dunia, ile iliyochanika kwenye Bahari ya Pasifiki.

"Msidhani ni Tukuyu tu. Zamani, popote duniani, ungemjua mwenye nacho kwa sahani. Maskini wa nchi fulani alikonda kwa kukosa. Maskini wa nchi nyingine alinenepa kwa mafuta ya bei rahisi na soda, huku tajiri wake akinunua mboga kwa bei ya dhahabu. Sura mbili, jambo moja. Kisha Shibe ikaja, wakasema yamekwisha, maana hakuna anayelia tena. Shibe haileti chakula. Inaleta kimya. Na kilicholimwa chini ya kimya hicho kinapanda meli."

Akanigeukia.

"Sekela anatimiza miaka mitano lini?"

"Siku kumi na moja zijazo."

"Na Siku ya Swali?"

"Siku tisa."

Akakaa kwenye ukingo wa meza. Sote tulijua alichokuwa anafikiri. Wazazi wetu walipokubali Shibe waliweka sharti moja kwenye sheria: kila mwaka Shirika la Utulivu lipite nyumba kwa nyumba na chombo kinachoitwa Sikio, limuulize kila mtoto chini ya miaka mitano kuhusu tumbo lake. Swali moja, mara moja. Mkubwa haruhusiwi kujibu. Mtoto mmoja tu akisema kwa sauti yake mwenyewe kwamba ana njaa, theluthi ya kila kinachovunwa wilayani inabaki wilayani hadi watoto wapimwe na kuonekana wamekua. Sharti zuri. Miaka tisa Sikio lilikuwa limerekodi ukimya.

"Lakini nimevunja sheria," nikasema. "Nimechezea Shibe."

"Sheria inakataza kufungua Kopo," Mwalimu akajibu. "Haisemi neno kuhusu sufuria."

Kisha akashusha sauti, akaongea nami peke yangu. "Sikiliza, mwanangu. Umeamsha kitu. Kesho alfajiri ukiacha magadi, kitalala tena, naye hatakumbuka. Ukiendelea, atakuwa na njaa kila siku, na wewe una majani ya maboga tu. Mifupa yake bado inaweza kufidia, lakini kwa chakula, si kwa hamu. Siwezi kukuamulia. Ila nakuomba jambo moja. Usimnyime ili aseme. Ukimnyima, hiyo itakuwa njaa yako umemvika yeye."

*

Siku mbili za kwanza zilikuwa sikukuu. Sekela alinusa kila kitu: mkaa, sabuni, shingo yangu, mvua. Aligundua kwamba ukoko wa uji una ladha tofauti na uji. Fundi baiskeli alituletea karanga konzi moja. Nilinunua kichwa cha samaki kwa nauli yangu ya wiki, nikawa nakwenda kazini kwa miguu. Kila kitu kiliisha siku ile ile.

Siku ya tatu maboga yalibaki mashina. Jioni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mwanangu alilia njaa.

Sikuwahi kukisikia kilio kile kwa mtoto wangu mwenyewe. Si kama cha kuanguka wala cha hasira. Kinaanza chini, kinarudi pale pale. Nilimpa maji ya moto, nikampa uji wangu, nikambembeleza huku na mimi tumbo langu linaunguruma juu ya kichwa chake.

Mlango ukasukumwa. Mama Lugano akaingia bila hodi.

"Mnyamazishe!"

"Ana njaa, dada."

"Najua ana nini! Unadhani sikijui kilio hicho?" Akanielekezea kidole. "Wewe ulikuwa mdogo. Mimi mdogo wangu alilia hivyo siku nne, nimembeba mimi, mgongo huu huu. Lilipokuja Kopo nililibusu, Mama Sekela. Lile bati nililibusu! Mwanangu Lugano ana miaka mitatu, hajawahi kulia hivyo, na hatalia. Na wewe unamwamshia mwanao njaa kwa mkono wako? Una akili?"

"Hakui, dada. Lugano naye hakui. Nenda kampime mlangoni."

"Afadhali awe mfupi asiyelia."

Akaondoka. Nilibaki na maneno yake kwa sababu hayakuwa ya kijinga. Kilimani mtoto anafundishwa kugonga mlango ambao nyuma yake kuna meza. Mimi wangu nimemfundisha kugonga, na nyuma ya mlango sina kitu. Kazini kesho yake nilisimama mbele ya kisagio na mayai sita ya kuchemsha kwenye sinia, kamera ikinitazama. Nikikamatwa, hata hicho kidogo kinaisha. Yakaingia, yakasagika, na mlio wake niliusikia meno yakiniuma.

Usiku huo huo, kabla hajalala, nilichukua mkebe wa magadi, nikaukalisha kati yetu kwenye mkeka.

"Sekela. Yule anayegonga. Unataka aondoke? Mama anaweza kumwondoa. Kesho asubuhi tu, hatagonga tena."

Alifikiri. Alikuwa anaweza kufikiri muda mrefu, mwanangu.

"Akiondoka, na kitamu kinaondoka?"

Ningeweza kumdanganya. "Ndiyo," nikasema. "Vinaondoka pamoja."

Akausukuma mkebe kwangu kwa vidole viwili.

"Abaki."

*

Siku ya Swali iliamka na jua, jambo la nadra kwetu. Niliamka kabla ya Kopo. Nikapika uji, nikautia magadi kwa kipimo alichonionyesha Mwalimu, kidogo kuliko punje ya harage. Nikamimina wote kwenye bakuli la Sekela, wake na wangu. Nikamenya nusu parachichi lililopondeka, ambalo Kaka Ambokile alilipata likiwa limeanguka nje ya uzio wa Kituo na kunitupia akisema, "La mimba yako." Nikaongeza karanga saba za mwisho. Nilimpa kila kilichokuwemo ndani ya nyumba ile. Sikubakiza, sikuficha, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Akishiba, nikajisemea, basi ameshiba, Mungu apewe sifa, na Sikio liende na ukimya wake.

Mkaguzi alifika saa mbili. Kijana nadhifu, viatu vyake havina tope, jina lake Ezroni. Sikio lilining'inia kifuani mwake kama redio ndogo. Watu walikuwa wamejipanga uani kwangu. Darasa zima la jioni lilikuwepo, Mwalimu Kissa amevaa gauni la kanisani. Hakuna aliyemnong'oneza Sekela neno kwa sababu sheria hairuhusu, lakini nilisikia pumzi zao.

"Mbona leo mmejaa?" Ezroni aliuliza, akitabasamu. "Kuna harusi?"

"Tunapenda tu kukuona, mwanangu," Mwalimu akajibu.

Akatazama karatasi yake. "Sekela. Miaka minne, miezi kumi na moja. Huyu mwaka wake wa mwisho kuulizwa." Akachuchumaa mbele yake, akainua kidole kuelekea kitufe.

"Subiri!"

Ni Mama Lugano. Alikuja anavuka uani na kanga ya nyumbani, kifua mbele, kama anayekuja kupigana. Nilijua amekuja kunishitaki. Amsimulie kijana yule habari za magadi, ampeleke jikoni, amwonyeshe mkebe. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, alikuwa amepiga magoti kwenye tope mbele ya mwanangu. Mkononi ana yai la kuchemsha, linatoa mvuke.

"Kuku wangu ana wiki moja anataga mayai," alisema bila kunitazama. "Nilikuwa nayauza kilimani. Siku sita nimekaa nikimsikia huyu ukutani. Siku sita." Akamnyooshea yai. "Njaa haijibiwi kwa swali, inajibiwa kwa yai. Kula, mama yangu. Kula kwanza."

"Si utaratibu," Ezroni akaanza.

"Utaratibu unaagiza kumnyima mtoto?" Mwalimu Kissa aliuliza kwa upole sana. "Soma tena, baba. Hakuna mahali unapokataza kumlisha."

Akasoma. Akakishusha kidole.

Sekela alipokea yai kwa mikono miwili. Alilinusa. Akauma nyeupe, akatafuna, akafika kwenye kiini, na uani pote hakuna aliyepumua, maana pale penye watu arobaini na zaidi hapakuwa na mmoja, ila mimi, aliyekumbuka mara ya mwisho kumwona mtoto wa Bomba Mbili akila kitu kwa furaha. Kiini kilimshika kwenye kidevu. Alikipangusa kwa kidole, akakilamba kidole. Nikamwona Mama Lugano amefunika mdomo kwa kanga, mabega yanacheza. Nyuma yake, Lugano mdogo alikuwa amesimama kizingitini, ameinamisha kichwa, anatazama mdomo wa mwenzake unavyokwenda.

Yai likaisha. Uji ulikuwa umeisha, parachichi limeisha, karanga zimeisha. Hapakuwa na kingine nyumbani kwangu, na sasa hapakuwa na kingine kwa jirani.

Ezroni akabonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikawaka kifuani mwake. Nikajifunga mikono nyuma, nisije nikamgusa hata bila kukusudia.

"Mtoto," alisoma, "kuna jambo unataka kusema kuhusu tumbo lako?"

Sekela alimtazama yeye. Akaitazama ile taa. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini, kwenye vidole vya miguu yake, kwa sababu niliapa sitamjibia hata kwa macho. Nikaona vidole vinajikunja kwenye tope. Kisha akaweka mkono tumboni, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlangoni, na aliposema alisema kwa sauti kubwa, safi, bila kulia, kama anayemtaja mgeni aliyefika.

"Bado nina njaa."